Mkamwana Wangu na Hukumu ya Pilato

Hannia Baltodano aliingia nyumba hii akiwa na miaka ishirini na sita, sanduku moja la nguo, na jiwe la kusagia mahindi alilolipakata mapajani njia nzima kutoka kwao Guanacaste, nyanda za ng'ombe, kana kwamba huku kwetu milimani hatuna mawe. Mwanangu Olman alilibeba jiwe lile kutoka kituoni huku jasho likimtiririka, nami nikajua siku hiyohiyo nani atakuwa anabeba nini katika ndoa ile.

Sikumpenda. Naliandika hilo wazi kwa sababu mwenyewe analijua, na hucheka nikilisema. Alizungumza kwa sauti ya watu wa kwao, wanaoitana kutoka malisho hadi malisho. Chapati zake za mahindi zilikuwa nene kama kandambili. Na kazi yake ilikuwa kuogesha wagonjwa katika kliniki yetu, muuguzi msaidizi, yule anayeitwa kitanda kikilowa. Mimi nilitaka Olman aoe mwalimu.

Lakini haya ni maisha yake, si matakwa yangu. Alizaliwa wa nne kati ya watoto saba, baba yake akichunga ng'ombe wa watu. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sababu bibi yake alikatwa mguu kwa kisukari na hakukuwa na mtu mwingine wa kumfunga kidonda. Alimfunga miaka minne. Ananiambia kuwa bandeji iliyoganda haivutwi: unailowesha, unangoja, unaiinua ukingo kwa ukingo. Kumbuka hilo, litarudi.

Hapa Higuerones alifanya kazi kliniki miaka kumi na saba. Akasoma sekondari jioni, pamoja na vijana waliomwita shangazi, akaimaliza akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kisha akafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu kusomea uuguzi kamili, akapata. Mkuu wa kliniki akampa ruhusa ya miaka miwili kuhudhuria masomo ya mwanzo mchana, na akamwambia asitarajie siku moja zaidi. Asipoyamaliza katika miaka hiyo miwili, atarudi kwenye beseni na sponji mpaka astaafu.

Siku ya kwanza alirudi na orodha ya masomo, akaketi mbele yake kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza.

"Mama," akasema, "hawanipi sindano."

"Wanakupa nini?"

"Wagiriki."

Katika chuo kile ndivyo ilivyo. Uwe unataka kuwa daktari wa meno au mpima ardhi, huendi popote mpaka usome mwaka mzima Historia na Utamaduni wa Magharibi: Wagiriki, Warumi, watawa, wafalme waliokatwa vichwa, viwanda vya Waingereza, vita viwili vikubwa. Olman aliuliza hayo yote yatamsaidiaje mgonjwa. Hannia akaona swali ni zuri, akalipeleka darasani. Mwalimu wake, Profesa Leda Quirós, mwanamke mfupi asiyeachana na chupa yake ya kahawa, akamjibu mbele ya watu wote:

"Sijui. Niulize tena Novemba."

Novemba hakuuliza kitu, kwa kuwa alifeli. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anaogesha watu sita kabla ya kupanda basi, halafu anasinzia pale Wagiriki wanapoanza kupigana. Ukabaki mwaka mmoja.

Mwaka wa pili, profesa aliwapa kazi ya Warumi: kila mmoja achague andiko moja la zama zile, aeleze linatuambia nini. Wenzake wakakimbilia maktaba. Hannia akajicheka moyoni, kwa sababu andiko la Warumi alikuwa analala nalo nyumba moja.

Kila Ijumaa Kuu Warumi wetu hushuka barabara ya kanisa, wanaume arobaini waliovaa vifua vya bati na kofia zenye nywele za ufagio, ngoma mbele, na wakifika chini ya roshani ya shule ya zamani ngoma hunyamaza. Hapo husomwa Hukumu. Marehemu mume wangu Belarmino aliisoma miaka thelathini na minane. Sasa husoma Olman, ambaye siku nyingine zote ni fundi wa mabomba ya baraza la mji. Wanasoma kutoka daftari la ngozi ambalo hukaa kwenye kasha langu, limefungwa ndani ya foronya. Mama mkwe wangu aliniambia, naye aliambiwa na wake, kwamba padre mmoja alilileta kutoka Uhispania, na huko lilinakiliwa kutoka Roma, kwenye karatasi ya Pilato mwenyewe. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini Hukumu naijua kwa moyo kama jina langu:

*Mimi Pontio Pilato, liwali wa Kaisari Tiberio, mwaka wa thelathini na tatu wa Bwana wetu, namtoa huyu Yesu wa Nazareti, pamoja na njia zake za kuingia na kutoka, maji yake na mipaka yake, haki na desturi zake zote, leo na daima, asulubiwe juu ya mlima.*

Watoto hulia wakisikia maji na mipaka. Mimi vilevile nywele husimama kila mwaka. Maneno yale yanamnyang'anya mtu kila kitu, hata njia ya kutokea.

Hannia aliandika kurasa nane juu ya Hukumu. Akapata tatu kwa kumi. Pembeni profesa alikuwa ameandika mstari mmoja kwa wino wa kijani: *Nani aliandika haya, na lini?*

"Si umwambie aliandika Pilato," nikamwambia. "Jina lake liko palepale mwanzoni."

"Nilimwambia, Mama. Ndiyo maana nikapata tatu."

"Basi mwalimu wako hajui kusoma."

Mwaka ukaendelea. Namsifu hapa kwa sababu niliona kwa macho yangu: aliweka madaftari yake juu ya jiwe la kusagia, na mimi nikimenya maharage alinisomea habari za tauni, na watawa wa kike waliowalaza wagonjwa wawili wawili kitanda kimoja. Nilimwambia aache, zinanitia kichefuchefu. Akiacha, namuuliza ikawaje. Lakini tatu ile ilikuwa imemla. Matokeo yalipotoka alikuwa na sita na nusu. Kupita ni saba.

Mwenye sita na nusu hupewa mtihani wa nyongeza, wa mdomo, katikati ya Desemba. Profesa aliwaambia kila mmoja arudi na kazi iliyomwangusha, ajibu swali aliloandikiwa pembeni. Hakuna swali lingine.

Jioni ile Hannia alinikuta nafunga tamale za Krismasi, unga wa mahindi na nyama ndani ya majani ya mgomba. Akaosha mikono, akakaa, akafunga nne, kwa mafundo ya bandeji ambayo kisu hakiyawezi.

"Mama Odilie, nahitaji kuliona daftari."

"Utaliona Ijumaa Kuu."

"Ijumaa Kuu nitakuwa naogesha watu."

"Basi utalisikia. Dirisha la kliniki linafunguka."

Olman alikuwa mlangoni. "Mama, ni kuliangalia tu."

"Wewe nyamaza. Baba yako alilishika siku moja kwa mwaka, na kwa leso."

"Sitalila," Hannia akasema.

"Unataka kumpelekea yule mwanamke wa kahawa alichambue. Leo atauliza nani aliandika Hukumu, kesho atauliza nani aliandika Injili. Hapana."

Tulikaa siku sita bila maneno, isipokuwa chumvi na sabuni. Mimi naweza kukaa mwezi. Olman alihamia kulia chakula kazini.

Siku ya saba, mchana, nilikuwa uani na ungo wa maharage. Hannia alikuja akakaa upande wa pili wa ungo akaanza kumenya. Nikamwacha. Akaanza kusema Hukumu polepole, kama anajisemea. Alifika kwenye mwaka akakosea.

"Mwaka wa thelathini wa Kaisari wetu," akasema.

Sikuvumilia. "Wa thelathini na tatu. Wa Bwana wetu."

"Bwana gani?"

"Bwana wetu. Bwana Yesu. Una Bwana mwingine?"

"Mimi sina," akasema. "Lakini Pilato?"

Nikaendelea kumenya. Nilimenya kama maganda matatu. Halafu mikono ikasimama yenyewe. Mtu anakaa kwenye kiti chake, ameletewa mfungwa aliyefungwa kamba, asiyemjua na asiyemtaka, anamwandikia kifo, na anaanza kwa kuhesabu miaka tangu mfungwa yule azaliwe, na kumwita Bwana wetu.

"Ulikosea makusudi," nikamwambia.

"Ndiyo, Mama."

Nikaondoka kwa hasira, nikaenda chumbani. Nililitoa daftari ili nimwonyeshe kuwa kumbukumbu yangu ndiyo iliyopinda na daftari liko sawa. Sikumwita. Nilivaa miwani nikaanza kusoma mwenyewe, kidole kwenye neno, kama nilivyofundishwa na sista nikiwa na miaka tisa. Mwaka wa thelathini na tatu. Wa Bwana wetu. Ilikuwa palepale. Nikaendelea kwa ukaidi tu, mpaka nikafika kwenye njia za kuingia na kutoka, maji na mipaka.

Chini ya daftari, kwenye kasha, kuna hati ya nyumba hii. Belarmino alipofariki, wakili alinisomea hati ile sebuleni, watu wamejaa, nami nikalia mpaka wakanipa maji ya sukari guru. Nilidhani namlilia Belarmino. Nikaichukua sasa, nikaiweka kitandani kando ya daftari, nikapeleka kidole huku, nikapeleka kidole huku. *Pamoja na njia zake za kuingia na kutoka, maji yake na mipaka yake, haki na desturi zake zote, leo na daima.* Neno kwa neno. Pilato wetu alikuwa anauza shamba.

Kisha nikafungua mlango.

"Hannia. Njoo. Nawa mikono."

Alipoona karatasi mbili zile zimelala pamoja aliniangalia mimi, si karatasi. Nikamwambia asiniangalie, aangalie kazi yake.

Yeye ndiye aliyegundua kuwa kurasa mbili za mwisho zimeshikana kwa nta ya mishumaa. Nilitaka kuleta kisu. Akasema hapana. Akaleta karatasi ya kufungia mkate na pasi ya uvuguvugu, akabonyeza, akangoja, akainua ukingo, akabonyeza tena. Saa nzima. Nilikumbuka mguu wa bibi yake, nikakiacha kisu kilipo. Kurasa zikaachana bila kuchanika, na ndani kulikuwa na mwandiko mdogo uliojipinda kama mizizi. Mimi sikuambulia herufi. Lakini Hannia amesoma mwandiko wa madaktari kwa miaka kumi na saba, na alisoma ule bila kusita:

*Nimenakili mimi Ramón Ugalde, mswaga nyumbu, mwaka zilipopandishwa kengele mpya, kwa maana karatasi ya kale imeliwa na mchwa. Palipotoboka nimetia maneno aliyosoma karani wa ardhi siku ile mashamba yalipoandikwa, kwa kuwa sijui mengine yenye kutisha zaidi. Mungu anisamehe.*

Msomaji wa hapa atajua kwa nini nilikaa chini. Wa mbali nitamweleza. Akina Ugalde wanakaa bondeni; zamani waliswaga nyumbu wa mizigo, sasa wanafuga nguruwe. Mimi nao hatusalimiani tangu nguruwe wao walipoingia kwenye kahawa yangu, na hiyo ni miaka ishirini na mbili. Kwenye kikosi cha Warumi, Nautilio Ugalde hutembea mstari wa mwisho, kwa sababu kofia yake ni sufuria iliyokatwa masikio. Na mimi nilikuwa nimekaa maisha yangu yote nalinda kwa foronya mwandiko wa Ugalde, nikiwaambia watu umetoka Roma.

Kesho yake Hannia alipanda mnara wa kanisa. Sakristani, mtunza kanisa, alimpigia kelele kuwa ngazi imeoza, naye akamwambia akianguka yuko muuguzi. Alishuka na popo mmoja kwenye nywele na mwaka ulioandikwa kwenye shaba ya kengele: 1874.

"Mama," akaniambia jikoni, "nikilisema jina kule, litarudi huku. Mji wote utajua."

"Mtihani ni wako."

"Daftari ni lako."

Nilifunga tamale mbili kabla ya kujibu. "Litaje," nikasema. "Lakini daftari halitoki nyumba hii bila mimi."

Kwa hiyo nilikwenda chuo kikuu, nikiwa na miaka sabini na tisa, na gauni langu la mazishi, daftari ndani ya foronya, foronya ndani ya mkoba, mkoba kifuani. Vijana walilala kwenye majani kama ng'ombe walioshiba. Chumba cha mtihani kilikuwa na meza, viti vitatu, na Profesa Leda Quirós na chupa yake. Aliniangalia.

"Bibi ni nani?"

"Ni mwenye andiko," Hannia akasema.

Nikaifungua foronya, nikaliweka daftari mezani. Profesa akanyoosha mkono, na kidole chake kilikuwa na kahawa.

"Kanawe kwanza," nikamwambia.

Hannia alifumba macho. Najua alichokuwa anafikiria: miaka miwili, na inaishia hapa. Profesa alitazama mkono wake, akatazama daftari, akainuka akatoka. Tulisikia bomba likifunguliwa. Akarudi anakung'uta maji.

"Na kukausha," nikasema.

Akajifuta kwenye sketi. "Sijawahi kutahiniwa kabla ya mwanafunzi," akasema, akakaa. "Haya, Bi Hannia. Nani aliandika haya, na lini?"

Na mkamwana wangu akaanza. Sauti yake ile ya malisho, ambayo niliikemea miaka kumi na minane, ilijaza chumba. Alisema Warumi walihesabu miaka kwa majina ya wakuu wao, na hesabu ya kuanzia kuzaliwa kwa Bwana ilibuniwa na mtawa miaka mia tano baada ya Pilato kuoza. Akaweka hati yangu ya nyumba kando ya daftari, akaonyesha maji na mipaka. Profesa aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akacheka kwa pumzi moja, kisha akajizuia. Hannia akafungua kurasa za nta. Akasoma jina. Alilisema wazi, Ramón Ugalde, mswaga nyumbu, na mwaka wa kengele, na jinsi alivyoupata.

"Kwa hiyo ni karatasi ya uongo," profesa akasema. Nilifahamu kuwa hapo ndipo mtego ulipo. Nilimkanyaga Hannia mguu chini ya meza. Hakuhitaji.

"Inategemea unaiuliza nini, Profesa. Ukiiuliza habari za Roma, haijui kitu. Mimi niliiuliza Roma, ndiyo maana nikaanguka. Ukiiuliza habari za Higuerones mwaka huo, inajua. Wenye kahawa walikuwa wanasajili mashamba, na mtu asiyejua kusoma alisimama mlangoni anasikiliza ardhi yake inatajwa na mipaka yake, na ikishatajwa imekwenda. Huyu Ramón alitafuta maneno ya kutisha kuliko yote aliyowahi kusikia, ya kumwua nayo Mungu. Hakuyapata kwa Kaisari. Aliyapata kwa karani wa ardhi."

Profesa akamimina kahawa, akakumbuka, akaisogeza mbali na daftari.

"Swali la mwisho," akasema. "Ni lako mwenyewe. Mwaka jana uliniuliza haya yatamsaidiaje mgonjwa. Nikakwambia niulize Novemba, nawe hukurudi. Sasa nakuuliza mimi."

Hannia alifikiri. "Wiki iliyopita nilipewa kadi ya bibi mmoja ili nimwandalie insulini. Kipimo kimeandikwa vizuri kabisa, jina ni lake, mhuri upo. Zamani ningeiandaa tu. Nikajikuta nauliza nani aliandika haya, na lini. Kumbe yalinakiliwa kutoka kadi yake ya zamani, kabla hajapungua kilo ishirini. Bibi yule yuko nyumbani kwake sasa, anagombana na majirani."

Profesa aliandika namba kwenye karatasi, akaigeuza tuione. Tisa.

Hannia alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Mimi nilikuwa bado naitazama namba.

"Kwa nini si kumi?" nikauliza.

"Mama," Hannia akasema ndani ya mikono.

"Kwa sababu alikaa na swali la kijani miezi saba kabla ya kulijibu," profesa akasema.

Sikuweza kubisha. Katika miezi saba ile siku saba zilikuwa zangu.

Habari zilifika mjini kabla yetu, sijui kwa njia gani. Mzee Efraín, mwenyekiti wa maandamano, alikuja na kofia mkononi kuniambia kuwa kamati imekaa, na imeona heri Hukumu isisomwe Ijumaa Kuu inayokuja, maana Pilato amedhalilishwa.

"Amedhalilishwa na nani?"

"Na mkwe wako, Doña Odilie. Anasema ni maneno ya mchunga nyumbu. Tena Ugalde."

"Daftari ni la nani, Efraín?"

"Lako."

"Basi litasomwa. Kama kamati inataka jingine, iandike barua Roma."

Wengine walisema watu watacheka. Mwingine alisema Hannia ametoka Guanacaste, hana uchungu na mambo yetu. Huyo nilimwendea nyumbani kwake mwenyewe, na sitaandika nilichomwambia, ila nilianza na neno "mwanangu", na sikuwa namsema Olman.

Ijumaa Kuu ikafika, jua kali, harufu ya uvumba na jamu ya boga kila mlango. Profesa Leda alikuja na wanafunzi wake kumi na wanane, wamesimama kando ya ukuta wa shule, bila vikombe. Hannia alikuwa kwenye meza ya huduma ya kwanza chini ya roshani, kwa sababu Warumi huzimia kwenye mabati yale. Alivaa sare nyeupe ya wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, mpya, niliyoinyoosha mimi, kwa pasi ileile.

Ngoma zikanyamaza. Olman akafungua daftari kwa leso ya baba yake. Akasoma. Alipofika kwenye njia za kuingia na kutoka, maji na mipaka, nilitazama nione nani atacheka. Hakucheka mtu. Mtoto mmoja alilia palepale wanapolia siku zote. Na mimi ninayejua neno kwa neno lilikotoka, nywele zilisimama kuliko mwaka wowote, kwa sababu sasa nilimwona aliyesimama mlangoni anasikiliza.

Kwa desturi, Olman hufunga daftari akiisha kusema "juu ya mlima". Safari hii hakulifunga. Sikumwagiza, wala mkewe hakumwagiza, tuliulizana baadaye. Aligeuza ukurasa, akasoma kwa sauti ileile kubwa: "Nimenakili mimi Ramón Ugalde, mswaga nyumbu." Akaisoma yote, na mchwa, na karani, mpaka "Mungu anisamehe".

Kwenye mstari wa mwisho wa kikosi, Nautilio Ugalde akavua sufuria yake, akaishika kifuani. Halafu Mrumi aliye kando yake akavua. Bati likaanza kulia barabara nzima, mstari kwa mstari, mpaka kwa nahodha mbele, na wanaume arobaini wakawa wamesimama juani vichwa wazi kwa ajili ya mchunga nyumbu aliyekufa zamani.

Hannia alikuwa amesimama na chupa ya maji mkononi, machozi yanamshuka na hajifuti. Nikamwendea. Watu wote wa Higuerones wanaangalia, na Efraín, na yule wa maneno ya Guanacaste. Nikamshika mkono, nikampandisha ngazi ya roshani mimi mwenyewe, na magoti yangu haya, nikalichukua daftari kwa Olman, nikalifunga ndani ya foronya, nikampa yeye.

"Litakaa chumbani kwako," nikamwambia. "Unajua kulisoma."

"Na kasha, Mama?"

"Kasha libaki kwangu. Nitahifadhi nini tena humo? Lete lile jiwe lako."

Tulipokuwa tunashuka, Nautilio Ugalde alikuwa chini ya ngazi, sufuria bado kifuani. Nikamsalimia. Naye akaitikia.